Kumwombea baba ambaye hakuwa mtakatifu

Baba alipofariki, watu waliokuja kunipa pole walikuwa wa aina mbili. Wapo walionishika mkono wakaniambia, "Usilie, yuko mbinguni, anakuombea." Na wapo ambao hawakusema lolote mbele yangu, ila maneno yao yalinifikia: mtu aliyemwacha mkewe na watoto wadogo, akapotelea huko miaka nenda rudi, akarudi afya imekwisha, kisha akafa ghafla bila padre kando yake, huyo mbingu ataionea wapi? Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Sikuweza kusimama na hawa wala wale. Wa kwanza walimsifu mtu nisiyemjua. Wa pili walimjua kama nilivyomjua, lakini walijitwisha kazi ya kuhukumu ambayo si yao.

Kanisa lilinipa njia nyingine: kumwombea. Anayemwombea marehemu anakiri mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtu huyu alikuwa na dhambi, na kwamba bado ni wake. Bila la kwanza sala haina sababu. Watakatifu hatuwaombei, tunawaomba watuombee. Bila la pili, utaanzia wapi kuomba? Sijapata mahali pengine ambapo mtu anaweza kuyashika yote mawili bila kumdanganya yeyote.

Nililitambua hilo kwenye Misa ya mazishi. Nilikaa benchi la mbele nikiwa na hofu ya mahubiri. Nilihofia padre angesimama amwite baba mume mwema, na mama ameketi ubavuni mwangu, mikono ameikunja kifuani. Hakusema hivyo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba maelekezo yenyewe ya Misale ya Kiroma, kitabu cha sala za Misa, yanataka homilia ya mazishi iwe fupi na isigeuke hotuba ya kumsifu marehemu. Padre alizungumzia ufufuko wa Kristo, akaomba huruma. Na zile sala, nilizisikiliza moja baada ya nyingine, zilikuwa za kuomba: umpokee, umsamehe makosa yake, umjalie kuuona uso wako. Hakuna iliyotangaza kwamba ameshafika, na hakuna iliyotangaza kwamba amepotea. Tangu nilipopokea simu ya msiba, hapo ndipo nilipopumua.

Wiki chache baadaye nilikwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa, yaani mtu au jambo ambalo Misa itaadhimishwa kwa ajili yake. Katibu alifungua daftari kubwa lenye safu zilizochorwa kwa rula: tarehe, saa, nia, jina, sadaka. Juu ya mstari wangu wengine walikuwa wameandikiwa shukrani, afya, mtihani, safari. Akaniuliza, "Marehemu nani, dada?" Nikataja jina la baba. Akaliandika, kisha akainua kalamu. "Niongeze kitu?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba wengine hupenda iandikwe "mpendwa baba yetu" au "mume mpendwa". Nikamwambia aliache jina peke yake. Ndilo lililosomwa asubuhi ya Jumamosi mbele ya watu wachache, jina tupu, bila sifa na bila lawama, nami nikaona linatosha. Mungu hahitaji kuelezwa alikuwa nani.

Hapo kwenye safu ya sadaka pana jambo linalowazuia watu wengi, kwa hiyo niliseme. Misa hainunuliwi. Kanuni ya 945 ya Sheria za Kanisa inamruhusu padre kupokea sadaka ili aadhimishe Misa kwa nia fulani, na papo hapo inamhimiza aadhimishe kwa nia za waamini, hasa maskini, hata kama hakupokea chochote. Kanuni ya 947 inataka hata dalili tu ya biashara iepukwe. Namfahamu mjane aliyekuwa akiahirisha kumwombea mumewe mwezi baada ya mwezi kwa kuona haya, hana cha kutia kwenye bahasha. Kama nawe uko hivyo, nenda ukaseme hali yako. Na ujue kwamba katika kila Misa, iwe imeombwa na nani, Sala ya Ekaristi ina mahali pa kuwakumbuka marehemu. Hakuna aliyefungiwa nje eti kwa sababu hana mtu wa kumwandikisha.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Sisi tulikuwa na desturi ya Rozari ya jioni, na baada ya msiba nikaanza kuongeza mwishoni, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Jibu lake kila Mkatoliki amelijua tangu utotoni: "Na mwanga wa milele umwangazie." Mama hakuitikia. Makumi yote matano alikuwa ameyasali kwa sauti, lakini tulipofika hapo alinyamaza, anapitisha punje za rozari vidoleni, macho chini. Nikamalizia peke yangu, "Apumzike kwa amani," na Amina nikaitikia mwenyewe. Sikumwuliza. Kama yupo mtu mwenye haki ya kunyamaza katika sala hiyo, ni yeye. Miezi ikaenda hivyo.

Jioni moja, wala haikuwa siku ya kumbukumbu yoyote, nilisema sehemu yangu, na kabla sijaendelea nikasikia sauti yake, ndogo na kavu: "...umwangazie." Neno la mwisho tu. Tulipomaliza akaenda kufunga milango kama siku zote. Ilichukua muda mrefu kabla hajalizungumzia, na alipolizungumzia aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi sijamsamehe yote. Lakini sitaki akae gizani."

Mahubiri ya kumtaka mtu asamehe kwanza ndipo aombe nimeyasikia mara nyingi, na nadhani yamewafunga watu wengi midomo. Kwetu sala ilitangulia. Msamaha umekuja nyuma yake, kidogo kidogo, na kwa mama haujafika wote hadi leo. Yesu alisema tuwaombee wanaotuudhi. Hakusema tungoje mpaka maudhi yaishe. Aliyekuumiza akifa, maudhi hayafi naye siku hiyo, na agizo la kumwombea nalo halifi.

Nikaanza kutafuta waliopita njia hii kabla yetu, na aliyenisaidia kuliko wote ni Mtakatifu Augustino. Mama yake, Monika, alifariki Ostia karibu na Roma mwaka 387. Kabla ya kufa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasijisumbue. Ombi lake lilikuwa moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Augustino anasimulia hayo katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake. Watu hulinukuu ombi hilo la Monika na kuishia hapo, lakini yanayofuata ndiyo yaliyonishika. Augustino anayaweka kando kwa muda matendo mema ya mama yake, matendo ambayo anamshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha anaanza kuomba kwa ajili ya dhambi za mama yake. Monika huyo huyo, aliyemlilia mwanawe miaka mingi mpaka akaongoka! Kama Monika aliombewa dhambi zake na mtoto aliyempenda namna ile, basi kumwombea mtu si kumtukana.

Halafu, mwisho kabisa wa kitabu hicho, anawasihi wasomaji wake wawakumbuke altareni Monika na Patricius. Patricius ni baba yake. Augustino mwenyewe ametueleza kwamba alikuwa mtu wa hasira kali na asiye mwaminifu kwa mkewe, akaja kuwa Mkristo mwishoni mwa maisha yake. Hampambi baba yake wala hamfichi. Anayaweka majina mawili katika ombi moja, la mama mtakatifu na la baba mgumu, na watu wameendelea kulitimiza ombi hilo kwa zaidi ya miaka 1,600. Nilipofika kwenye mistari hiyo nilifunga kitabu nikaenda kusali. Majina ya wazazi wangu sikuwa nimeyatamka pamoja tangu utotoni.

Yupo pia Perpetua, mama kijana aliyeuawa kwa ajili ya imani kule Karthago mwaka 203. Akiwa gerezani alimkumbuka ndugu yake mdogo, Dinocrates, aliyefariki akiwa na miaka saba kwa ugonjwa ulioula uso wake. Akamwona katika njozi: mtoto ana kiu, amesimama mbele ya birika la maji, lakini ukingo wa birika umempita kimo. Perpetua akamwombea usiku na mchana kwa machozi. Baadaye akamwona tena, safari hii ukingo umeshuka, mtoto anakunywa, kidonda kimebaki kovu, kisha anaondoka kwenda kucheza kama watoto wachezavyo. Kinachonigusa ni kwamba aliyekuwa akiomba ni mfungwa anayengoja kutupwa kwa wanyama. Alikuwa na kila sababu ya kujiombea mwenyewe.

Kuhusu toharani, yaani utakaso baada ya kifo kwa waliokufa katika neema kabla ya kuingia mbinguni, nimesikia mambo mengi ya kutisha, mengine kutoka kwa watu wa nia njema kabisa. Kwa hiyo inafaa kujua Kanisa limesema kiasi gani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, katika amri yake ya Desemba 1563, ulifundisha kwamba toharani ipo, na kwamba roho zilizoko huko zinasaidiwa na sala za waamini, hasa sadaka ya altare, yaani Misa. Kisha ukawaagiza maaskofu wasiruhusu maswali magumu na ya udadisi katika mahubiri kwa watu wa kawaida, wala mambo yanayonuka tamaa ya fedha. Natamani agizo hilo lingekumbukwa zaidi. Karatasi zinazopitishwa mkono kwa mkono, zikiahidi kwamba sala fulani hutoa roho elfu moja toharani kila isaliwapo, hazina msingi katika mafundisho ya Kanisa. Hata zile siku na miaka zilizokuwa zikiandikwa chini ya sala za rehema, yaani ondoleo la adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, Papa Paulo VI aliziondoa mwaka 1967. Huruma ya Mungu haina mizani ya namna hiyo.

Mimi nilikuwa namwona baba akiungua, na picha hiyo ilinikosesha usingizi. Kilichonitoa humo ni barua ya Papa Benedikto XVI juu ya tumaini, Spe Salvi, ya mwaka 2007. Anaeleza kwamba baadhi ya wanateolojia wa siku hizi wanaona moto ule unaounguza na kuokoa ni Kristo mwenyewe, Hakimu na Mwokozi. Kukutana naye uso kwa uso ndiko kunakochoma uongo wote uliomo ndani yetu, na maumivu yake ni maumivu yenye baraka. Mtakatifu Katarina wa Genova, aliyeishi kati ya mwaka 1447 na 1510, alikwisha kufundisha kwamba hakuna furaha inayofanana na ya roho za toharani isipokuwa ile ya mbinguni, na furaha hiyo inakua kadiri Mungu anavyozidi kuingia ndani yao. Siku hizi ninapomwombea baba namfikiria akiona. Anaona mama alivyotulea peke yake, anaona mdogo wangu akimngoja mlangoni, anaona yote ambayo hapa duniani aliyakwepa kwa kuondoka. Na anayemwonyesha anampenda. Hayo yanauma vya kutosha, na sitaki ayapite peke yake.

Rafiki yangu alimpoteza mwanawe, kijana aliyejitoa uhai. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kumwombea, maana kuna mtu alimwambia hapana. Inaruhusiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yake, namba 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai, kwa kuwa Mungu anaweza, kwa njia anazozijua yeye peke yake, kuwapa nafasi ya toba. Na Kanisa linawaombea. Namba inayotangulia inakumbusha kwamba msongo mkubwa wa nafsi au hofu nzito hupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake. Nilimwandikia namba hizo kwenye kipande cha karatasi ili asitegemee maneno yangu. Na Misa, kwa mujibu wa kanuni ya 901, padre yuko huru kuiadhimisha kwa ajili ya yeyote, aliye hai au aliyefariki. Yeyote.

Novemba ndio mwezi wetu. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2, inatokana na Odilo, abate (mkuu wa watawa) wa Cluny huko Ufaransa, aliyeagiza monasteri zilizokuwa chini yake ziwaombee marehemu wote siku inayofuata sherehe ya Watakatifu Wote. Ilikuwa kwenye miaka inayozunguka mwaka 1000. Ruhusa ya kila padre kuadhimisha Misa tatu siku hiyo aliitoa Papa Benedikto XV mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa inateketeza vijana kwa maelfu. Kila ninapoona padre anarudi altareni kwa Misa nyingine siku hiyo, nawakumbuka wale waliofia kwenye mahandaki bila mtu wa kuwafumba macho.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo tu, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili yao. Masharti ni yale ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliojitenga na dhambi zote. Rehema hiyo huwezi kujichukulia wewe. Ni ya marehemu peke yao. Lakini angalia inakofikisha: ili nimwombee baba, sharti kwanza nikapige magoti kwenye kitubio kwa ajili ya dhambi zangu. Ni vigumu kuendelea kumhesabia mtu deni lake ukiwa umetoka kuondolewa la kwako. Nikiwa makaburini huwa napita pia penye makaburi yasiyo na jina, nasema sala ile ile.

Kuna wanaochanganya kuwaombea marehemu na kuwaita. Kanisa linakataza kabisa kuwauliza wafu mambo, kutafuta ishara zao au kutaka waseme kupitia kwa mtu mwingine. Tunaposali tunasema na Mungu juu ya baba. Hatuhitaji baba ajibu, na kwa kweli hili limenipa utulivu, kwa sababu kulikuwa na majibu niliyoyasubiri kwake akiwa hai na hakuyatoa.

Mdogo wangu wa kiume siku hizi anasali katika kanisa lingine, na haamini sala hii. Tumebishana sana, kwa heshima mara nyingi. Yeye ananisomea Waebrania 9:27, kwamba watu wamewekewa kufa mara moja na baada ya kufa ni hukumu. Namjibu kwamba nasi tunaamini hivyo. Uamuzi wa mtu kwa Mungu au dhidi ya Mungu haubadilishwi baada ya kifo, na tunayemwombea ni aliyekufa katika neema lakini bado ana la kutakaswa. Nani amekufa katika neema, hilo Mungu anajua, ndiyo maana hatumwachi yeyote. Namsomea kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12: Yuda Makabayo anakuta hirizi za miungu ya mji wa Yamnia chini ya mavazi ya askari wake waliouawa, anachangisha drakma elfu mbili za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Watu waliokufa na kosa lao mwilini, na bado wenzao wakawaombea. Mdogo wangu ananijibu kwamba kitabu hicho hakimo katika Biblia yake. Basi namwonyesha 2 Timotheo 1, Paulo anapomwombea Onesiforo apate rehema siku ile, na wengi wanaona Onesiforo alikuwa amekwisha kufariki, maana Paulo anasalimia nyumba yake tu. Ananiambia andiko halisemi hivyo waziwazi. Ni kweli, halisemi waziwazi.

Pamoja na hayo, mdogo wangu huja kwenye Misa kila kumbukumbu ya kifo cha baba. Hukaa nyuma, haitikii sehemu ya kuwaombea marehemu. Mara ya mwisho, tukiwa tunatoka, aliniuliza safari hii niliandikisha nini, maana alisikia maneno mengi kuliko jina. Nikamwambia, "Kumwombea baba, na wote aliowaumiza."

Akasimama. "Kwa hiyo na mimi nimo?"

"Na wewe umo," mama akamjibu kabla yangu. "Na mimi nimo."

Alituambia bado haamini kwamba sala inamfikia baba. Kisha akataka kujua Misa ya mwaka ujao itaangukia siku gani ya juma, ili aombe ruhusa kazini mapema.